Basi la saa 12 asubuhi likawa la saa 6 usiku: tarehe na saa tuziandikeje kwenye mifumo yetu?

Fundi_wa_Stendi (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Nina jambo linalonikosesha usingizi tangu wiki iliyopita. Nimeona nililete hapa kwa sababu wengi wetu tunajenga mifumo ya tiketi, zahanati, shule na vikoba, na kila mfumo una mahali unapoandika saa.

Nimetengeneza mfumo wa kukata tiketi kwa kampuni moja ya mabasi ya mikoani, jina naliacha. Karani wa kila kituo anaingiza safari zake, na abiria akilipia anapata meseji yenye tarehe, saa na namba ya kiti. Tuliujaribu, ukakubali, ukaanza kazi, miezi miwili kimya. Alhamisi ya tarehe 5 Juni nikapigiwa simu kutoka Njombe. Kuna mama mtu mzima alikuwa amekaa stendi na mjukuu wake kuanzia saa 5 usiku mpaka saa 12 asubuhi, akisubiri basi la Dar. Mwezi wa sita, Njombe. Anayeijua baridi ya kule mwezi huo hahitaji maelezo. Karani aliniambia mtoto alikuwa amefunikwa khanga mbili na koti la bibi yake, na bado meno yanagongana.

Meseji aliyopokea yule mama ilikuwa hivi:

Njombe - Dar. Tarehe 05/06/2025. Kuondoka 00:00. Kiti B3.

Kijana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, ndiye aliyemsomea. Akamwambia, bibi, hii ni saa 6 usiku. Alisoma sawasawa kabisa. Meseji yangu ndiyo iliyosema uongo.

Nikafungua databesi, nikakuta safari imehifadhiwa 2025-06-05 00:00:00. Nikamwomba karani anipigie simu ya video anionyeshe anavyoingiza safari. Kompyuta ya ofisi yao imewekwa Kiingereza cha Marekani, kwa hiyo brauza inachora kisanduku cha saa chenye AM na PM. Basi linaondoka saa 12 asubuhi. Akaandika 12, akachagua AM, akaniuliza: "AM si ndiyo asubuhi?"

Sikuwa na cha kumjibu. Kaandika kumi na mbili, ya asubuhi, kama saa yenyewe inavyoitwa tangu azaliwe. Kompyuta kwa upande wake inajua 12 AM ni usiku wa manane. Safari za zamani zilikuwa za saa 1 na saa 2 na ziliingizwa na karani mwingine aliyezoea kuandika 7 na 8, ndiyo maana tatizo halikuonekana mapema.

Kwa wageni wa mambo haya: ukiweka <input type="time"> kwenye fomu, kinachotumwa kwenye seva ni saa 24 siku zote, mfano 06:00. Lakini kinachoonekana kwa mtumiaji kinafuata mpangilio wa kompyuta yake, wewe huna amri nacho. Kompyuta yangu inaonyesha saa 24, kwa hiyo sikuwahi hata siku moja kuiona hiyo AM.

Madhara hayakuishia kwa yule mama. Mfumo unafunga mauzo saa mbili kabla ya basi kuondoka. Basi la saa 12 asubuhi likawa linafungwa saa 4 usiku. Watu waliofika alfajiri waliambiwa limeshaondoka, na huku wanaliona limepaki mbele yao.

Naomba kujua wenzangu mnafanyaje. Nawasilisha.

---

Mlinzi_wa_Jedwali (#2)

Pole sana mkuu, na pole zaidi kwa yule mama.

Kabla hatujafika kwenye saa, hebu angalia tarehe uliyomwandikia. 05/06/2025. Wewe umekusudia tano Juni. Je, mfumo wako unaisoma mahali popote kwa PHP, ile lugha ya programu ya upande wa seva? Kama ndiyo, jaribu hii sasa hivi:

echo date('j F', strtotime('05/06/2025'));
echo date('j F', strtotime('05-06-2025'));

Ya kwanza itakupa 6 Mei, ya pili 5 Juni. PHP ikiona mkwaju (/) inadhani ni tarehe ya Kimarekani, mwezi unatangulia. Ikiona kistari (-) inadhani siku inatangulia. Namba zile zile, alama moja tu imebadilika, tofauti ni mwezi mzima. Na ubaya wake hailalamiki mpaka siku ivuke 12. Kuanzia tarehe 1 hadi 12 inakubali kimyakimya, tarehe 13 inarudisha false, yaani imeshindwa kuisoma. Mimi iliniumiza kwenye mfumo wa ada za shule: nusu ya kwanza ya mwezi madeni ya wazazi yalikaa miezi isiyo yao, nusu ya pili yanakataa kuingia. Tulihangaika wiki nzima tukidhani mtandao ndio mbovu.

Tangu hapo, ndani ya mfumo naandika mwaka-mwezi-siku tu, 2025-06-05, kama ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe na saa, inavyoagiza. Hata ukipanga mafaili kwa jina yanajipanga yenyewe kwa tarehe. Na ninaposoma kilichoandikwa na mtu natumia DateTime::createFromFormat nikitaja mpangilio mwenyewe, siiachii PHP ibahatishe.

Kwa msomaji naandika jina la mwezi. 5 Juni 2025. Hakuna mtu atakayeisoma vingine.

---

Shamba_la_Seva (#3)

Mimi naona tunazunguka. Dunia nzima ya usafiri inatumia saa 24. Ndege, treni, meli, zote. Andika 06:00, basi. Watu wataizoea kama walivyozoea kutuma pesa kwa simu. Ukianza kuweka saa za Kiswahili kwenye mfumo unaongeza mlango mwingine wa makosa, maana sasa una saa mbili tofauti za kulinda. Databesi 06:00, skrini 12:00, ripoti ya mkaguzi 06:00, meseji 12:00. Siku moja programa mpya atachanganya na hutajua ametoboa wapi.

Nasema hivi kwa nia njema, nimesafisha uchafu wa namna hiyo kwa mikono yangu.

---

Fundi_wa_Stendi (#4)

Mkuu Shamba, nimekuelewa na hoja ya mlango wa makosa naikubali. Ndani ya databesi iwe saa 24, hapo hatubishani.

Ila kwa msomaji siwezi kukufuata. Yule mama anaishi kwa saa inayoanza kuhesabu jua likichomoza. Redio anayosikiliza inamwambia saa mbili kamili usiku taarifa ya habari, kondakta anamwambia saa kumi na mbili, daktari anamwandikia arudi saa tatu asubuhi. Saa ya ukutani kwake mshale unaonyesha 8 na yeye anasema saa mbili bila kufikiri. Anachofanya ni kubadilisha kichwani mwake kila siku, na anapatia. Namba tupu kwenye meseji ndiyo inayomvuruga, kwa sababu haimwambii ni saa ya nani. Ukimwandikia 06:00 bila neno lolote, mwingine ataisoma saa sita. Saa sita ya mchana au ya usiku? Hapo tena atamtafuta kijana wa jirani.

Mimi naogopa namba isiyo na neno. Hilo ndilo nililojifunza wiki hii.

---

Mkazi_wa_Athi (#5)

Hamjambo nyote. Nawaandikia kutoka upande wa Kenya.

Huku hali ni tofauti kidogo, na ni vizuri mwenye mfumo unaovuka mpaka aifahamu. Kwa mazungumzo mtu atakuambia tukutane saa nane mchana. Kisha mtu huyo huyo atakutumia ujumbe kwa rununu na kuandika 2pm. Mdomo wake uko kwenye saa ya Kiswahili na kidole chake kiko kwenye saa ya Kiingereza, na haoni mgongano wowote. Kwa hivyo mteja wangu wa Nairobi akiona "saa 2:00" pekee, anaweza kudhani ni ile 2 anayoiandika kila siku.

Magazeti ya Kiswahili yalimaliza jambo hili zamani: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, na neno la wakati haliachwi kamwe. Naunga mkono neno. Lakini kwa tiketi ningeweka na saa 24 kando kwenye mabano, ili yule wa kidole na yule wa mdomo wote wafike kwa wakati.

---

MamaSeva (#6)

Wadogo zangu, niwape nilichokuwa nakitumia, maana naona kila mtu anaanza upya.

Tarehe msijichoshe. JavaScript, lugha ya programu iliyomo kwenye brauza, inaijua:

new Intl.DateTimeFormat('sw-TZ', { dateStyle: 'full', timeZone: 'Africa/Dar_es_Salaam' }).format(d)

Inatoa "Alhamisi, 5 Juni 2025". Majina ya siku na miezi yametoka CLDR, hazina ya data za lugha inayotunzwa na Unicode, na Kiswahili kimo humo vizuri tu.

Saa ndiyo imetuacha njiani. Hapo kuna kipimo kinachoitwa hourCycle chenye chaguo nne: h11, h12, h23, h24. Hakuna hata moja inayoisogeza kwa muda wa saa sita. Kuna pia chaguo la dayPeriod linaloweza kukuletea neno "asubuhi", na nyote mliofurahi mkaliweka mnajua kilichotokea: neno ni letu, namba imebaki ya Kiingereza. Unapata 8 na asubuhi kwenye mstari mmoja. Saa nane asubuhi! Haipo duniani. Nimeikuta kwenye mfumo unaofanya kazi, watu wanaitazama kila siku.

Kwa hiyo saa tuifanye wenyewe, na si kazi kubwa:

function saaYetu(h, m) {
  const saa = (h + 6) % 12 || 12;
  let wakati = 'usiku';
  if (h >= 4 && h < 6) wakati = 'alfajiri';
  else if (h >= 6 && h < 12) wakati = 'asubuhi';
  else if (h >= 12 && h < 16) wakati = 'mchana';
  else if (h >= 16 && h < 19) wakati = 'jioni';
  return 'saa ' + saa + ':' + String(m).padStart(2, '0') + ' ' + wakati;
}

Ile "|| 12" msiiondoe. Saa 6 ya Kiingereza ukiongeza 6 ni 12, baki ya 12 ni 0, na "saa 0:00 asubuhi" nayo nimewahi kuiona imechapwa kwenye karatasi. Ijaribuni kwa 0, 5, 6, 12, 18 na 19. Mkipata saa 6 usiku, 11 alfajiri, 12 asubuhi, 6 mchana, 12 jioni na 1 usiku, mko salama.

Mipaka ya maneno ni ya kubishaniwa. CLDR wao alfajiri yao inafika mpaka saa 1, yaani saa 12 kwao bado ni alfajiri. Kwenye stendi zetu hakuna anayesema basi la saa 12 alfajiri. Na wapo wanaosema saa 10 usiku badala ya alfajiri, na saa 9 alasiri badala ya mchana. Chagueni lile la watu mnaowahudumia.

Jambo la mwisho: h na m msizitoe kwa getHours(), hiyo inafuata saa ya simu ya anayetazama. Zitoeni kwa formatToParts mkiwa mmetaja timeZone na hourCycle: 'h23'. Shangazi aliyeko Muscat anayemlipia ndugu yake tiketi ya Dar yuko saa moja mbele yetu. Mkitumia saa ya simu yake, atamwambia basi la saa 12 linaondoka saa 1.

---

Fundi_wa_Stendi (#7)

MamaSeva, Mungu akubariki. Mimi nilikuwa natumia getHours kila mahali.

---

BintiMakunduchi (#8)

Assalaam alaykum jamani.

Mmezungumza saa, siku je? Maana kwetu Unguja usiku unatangulia mchana. Jua likizama Alhamisi, sisi tumeshaingia Ijumaa. Ukisikia "usiku wa Ijumaa" kwa bibi yangu, ni usiku ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya simu inauita Alhamisi.

Nawaambia lililotufika. Tulitengenezewa ukurasa wa mwaliko wa maulidi, kijana kaandika vizuri sana: "Ijumaa, saa 2:00 usiku". Wazee wakaja usiku wa kuamkia Ijumaa, wakakuta nyumba kimya, mikeka haijatandikwa, sufuria za pilau bado zimepangwa kwa jirani. Vijana wakaja kesho yake. Mzee mmoja aliyetoka Nungwi kwa daladala hakuweza kurudi mara ya pili, na ndiye aliyekuwa asome. Hakulaumu mtu, lakini mama yangu alilia.

Kompyuta haina njia ya kulijua hilo. Basi anayeandika programu ya shughuli za watu wa pwani aandike maneno yote: usiku wa Alhamisi tarehe 5 Juni, kuamkia Ijumaa tarehe 6. Marefu, ndiyo, lakini kila mtu anafika usiku mmoja.

Na mabasi ya saa 6 usiku yana shida hiyo hiyo hata bara. Tarehe 6 saa 6 usiku ni usiku upi? Nusu ya abiria watakuja siku moja nyuma au mbele.

Kitu kingine kidogo kwa wanaojifunza. Nilimfundisha mdogo wangu getDay(), inayotoa siku ya wiki kwa namba, akapanga siku zake kuanzia Jumamosi, kwa sababu kwa Kiswahili hiyo ndiyo siku ya mosi, ndiyo jina lake. JavaScript inaanza na Jumapili, na inaipa 0. Kila siku kwenye kalenda yake ikawa imerudi nyuma moja.

---

Mlinzi_wa_Jedwali (#9)

Binti, hilo la usiku wa kuamkia sikuwahi kulifikiria kwenye tiketi. Nakubali mia kwa mia.

Niongeze shimo lililo karibu na hapo, na hili linatupata sisi wa UTC+3 (yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya pamoja ya dunia) kila usiku. Wengi mnapata tarehe ya leo hivi:

new Date().toISOString().slice(0, 10)

toISOString inaandika kwa UTC. Sisi tuko saa tatu mbele. Kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 9 usiku, UTC bado iko jana. Kwa hiyo duka linalofunga saa 8 usiku, mauzo yake ya saa mbili za mwisho yanaingia kwenye tarehe ya jana. Fungu la fedha halilingani, na mhudumu wa zamu ya usiku ndiye anayeulizwa. Namfahamu dada aliyekatwa mshahara kwa kosa la namna hii kabla halijagunduliwa. Alirudishiwa fedha yake, lakini miezi minne alikuwa ameitwa mwizi.

Kinyume chake kipo pia. new Date('2025-06-05') inasomwa kama usiku wa manane wa UTC, lakini new Date('2025-06-05T00:00') inasomwa kama saa ya hapa. Huku kwetu huoni tofauti ya siku, maana ya kwanza inakuwa saa 9 usiku ya tarehe hiyo hiyo. Ndugu yako aliyeko Chicago anaifungua, anaona tarehe 4. Anakupigia simu unamwambia kwangu iko sawa, na kweli kwako iko sawa.

---

Kijana_wa_Localhost (#10)

Wakuu samahani kama swali ni la kitoto. Kwenye laptopu yangu NOW(), amri ya saa ya sasa ya databesi ya MySQL, inatoa saa sahihi, nikipandisha kwenye seva inarudi nyuma saa tatu. Niongeze tu +3 kwenye kila swali la databesi?

---

MamaSeva (#11)

Si swali la kitoto, mwanangu, na usiongeze +3 popote. Ukiitawanya hiyo +3 leo, kesho kutwa hutajua ni wapi imeongezwa mara mbili.

Seva yako iko nje na saa yake ni UTC, jambo ambalo ni zuri. Iache hivyo. Kwenye MySQL elewa aina mbili: TIMESTAMP inageuza kwenda UTC inapohifadhi na kurudisha kwenye ukanda wa saa wa muunganisho wako inaposoma. DATETIME haigeuzi chochote, inatunza ulichoandika kama picha. Matatizo mengi niliyoyaona ni ya mtu aliyechanganya hizo mbili kwenye jedwali moja. Chagua, andika ukanda wa saa wa muunganisho waziwazi, na kwenye PHP weka date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam') mahali pamoja tu.

TIMESTAMP inaishia tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 za UTC. Kwetu itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Kama unaandika mkopo wa nyumba wa miaka 20, tayari umeshavuka hapo.

---

Karani_wa_Pensheni (#12)

Nimesoma yote kimya, nachangia moja. Tarehe ya kuzaliwa si saa. Msiiweke kwenye kitu chenye saa.

Tulikuwa na orodha ya wastaafu. Mzee mmoja, mzaliwa wa 10 Machi 1941, kila akija kuhakikiwa tarehe yake kwenye skrini ni 9 Machi, na kwenye kitambulisho ni 10. Anarudishwa. Amekuja mara tatu kwa mkongojo. Vijana wa kompyuta wanasema data ni sahihi, na kwenye databesi kweli ilikuwa sahihi.

Sababu iliyopatikana sikuamini. Mfumo ulikuwa umehifadhi usiku wa manane wa siku ile kwa +3. Brauza nayo ina historia ya kanda za saa, na historia hiyo inasema mwaka 1941 Nairobi haikuwa +3, ilikuwa +2:45. Robo saa pungufu. Usiku wa manane ukawa saa 5 na dakika 45 usiku wa siku iliyotangulia. Skrini ilionyesha tarehe tu, kwa hiyo hakuna aliyeiona ile robo saa. Vijana waliozaliwa miaka ya 1970 na kuendelea hawakuguswa. Walioguswa ni wazee peke yao, wale ambao kusafiri kuja kuhakikiwa ni mzigo mkubwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Tulibadilisha safu ikawa DATE, bila saa, na kwenye skrini tukaiandika kama maandishi yalivyo bila kuipitisha kwenye Date ya JavaScript. Yule mzee alihakikiwa safari ya nne.

---

Mkazi_wa_Athi (#13)

Nimesoma hiyo ya mzee mara mbili. Asante kwa kuieleza.

Nami nina la mpaka. Kanda za saa hubadilika hata zama zetu. Sudan Kusini ilihama kutoka +3 hadi +2 tarehe 1 Februari 2021. Ukiwa umehifadhi safari za Kampala kwenda Juba za baada ya siku hiyo kwa UTC pekee, saa za kuwasili zote zilisogea. Kwa safari ijayo ninahifadhi saa ya mahali kama ilivyotangazwa, pamoja na jina la ukanda, mfano Africa/Juba. UTC naipigia hesabu pale ninapoihitaji. UTC pekee naitumia kwa yaliyokwisha kutokea: malipo, kuingia, kutoka.

Basi la Dar hadi Kigali ni vivyo hivyo. Rwanda na Burundi ziko +2. Andika saa ya kuondoka kwa saa za Tanzania, na ya kufika kwa saa za Rwanda, na uitaje nchi.

---

Shamba_la_Seva (#14)

Nimerudi. Hoja yangu ya #3 naipunguza. Databesi saa 24, hapo nimesimama. Lakini fomu ya karani ndiyo ilinifanya nifikiri upya, maana kosa lilianzia kwenye kuingiza, na mimi nilikuwa najadili kuonyesha.

Pendekezo: ondoa kabisa <input type="time"> kwenye fomu ya makarani. Weka orodha mbili, moja ya saa 1 hadi 12, nyingine ya wakati: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kisha mfumo ukatae jozi zisizokuwepo. Mtu akichagua saa 8 asubuhi, ujue anafikiri kwa Kiingereza, muulize: una maana ya saa 2 asubuhi? Hata hivyo haitakamata kila kitu. Saa 2 usiku ni halali kwa Kiswahili, na mtu wa Kiingereza anaweza kuwa amekusudia saa 8 usiku ya kwetu. Kwa hiyo chini ya orodha andika papo hapo, kwa herufi kubwa, basi litakavyotangazwa. Karani alisome kabla ya kubonyeza.

---

Fundi_wa_Stendi (#15)

Wakuu, mrejesho kama nilivyowaahidi baadhi yenu kwenye ujumbe wa siri.

Nimefanya karibu yote. Safari zote za kuanzia leo nimezipitia moja moja na makarani wa vituo vyote kwa simu, maana sikutaka kuziamini namba peke yake. Tumekuta safari nne nyingine zilizokuwa na 00:00 badala ya 06:00, na moja ya Songea iliyokuwa saa 12 jioni ikiwa imeandikwa 12:00 mchana. Hiyo ya Songea ingewaacha watu, kwa sababu meseji ya kuwakumbusha ingekwenda mapema na mauzo yangefungwa basi likiwa halijafika hata stendi.

Orodha mbili za Shamba nimeziweka. Karani wa Njombe alikuwa wa kwanza kuzijaribu. Alichagua 12, akachagua asubuhi, akasoma mstari wa chini kwa sauti kwenye simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa hii inaongea kama sisi."

Mabasi yanayoondoka kati ya saa 6 na saa 9 usiku yanaandikwa kwa siku mbili, kama BintiMakunduchi alivyoshauri. Ni meseji ndefu na kuna siku inazidi herufi 160, kwa hiyo inalipiwa kama mbili. Nilimweleza mwenye kampuni bila kumficha, akauliza ni abiria wangapi kwa usiku, akasema lipia.

Yule mama nilimpigia mwenyewe. Nilimwomba radhi, nikamweleza kosa lilikuwa kwenye mfumo nilioutengeneza mimi, si kwake wala kwa kijana wa jirani aliyemsomea. Akanishukuru kwa kupiga, akaniuliza kama na mimi nina watoto. Mjukuu yuko salama, alipata mafua ya siku mbili tu. Wanarudi Dar tena tarehe 26 kwa ajili ya kliniki ya mtoto, na tiketi ameshakata. Kampuni imemrudishia nauli ya safari ile.

Meseji aliyoipata jana naiweka hapa kama ilivyo, mwenye la kurekebisha aseme:

Njombe - Dar. Alhamisi, 26 Juni 2025. Fika stendi saa 11:30 alfajiri (05:30). Basi linaondoka saa 12:00 asubuhi (06:00), saa za Tanzania. Kiti B3.

---

MamaSeva (#16)

Sina la kurekebisha kwenye meseji. Ila angalia kama tiketi ya karatasi inayochapwa dirishani inapita kwenye msimbo huo huo mpya. Mara nyingi mashine ya kuchapa ina msimbo wake wa zamani uliosahaulika.

---

Fundi_wa_Stendi (#17)

Nimeangalia sasa hivi. Bado inachapa 06:00 AM. Naenda kuirekebisha usiku huu kabla dirisha halijafunguliwa saa 11.